Bata wa Mpira Ndani ya Friza

Asteria alifika Stockholm kutoka Bukoba akiwa na miaka ishirini na mitatu, amekuja kusomea ufundi wa maabara kwa miezi kumi na minane kisha arudi kwao. Sasa ana miaka hamsini na mitatu. Ukiacha miaka miwili aliyokaa nyumbani kulea, muda wote huo amefanya kazi ya aina moja tu, kuharibu vitu. Huvivuta, huvikunja, huvichoma, huviangusha kutoka juu, kisha huandika vimevunjikaje. Maabara yao iko Sundbyberg, ghorofa ya chini ya jengo la ofisi, nayo hupima bidhaa za plastiki na mpira kabla hazijaingia madukani. Mtu akimuuliza anafanya kazi gani, hujibu kwamba anavunja vitu ili watu wasiumie navyo.

Kwake ni Husby. Anaishi na mumewe Zénon, Mrundi aliyekutana naye kwenye kwaya ya misa ya Kiswahili, yeye akiimba sauti ya pili na Zénon besi. Zénon ni mtunza majengo. Hubadilisha taa za ngazi, huzibua mabomba, na wakati wa baridi huamka kabla ya wapangaji ili akwangue barafu milangoni. Jicho lake la kushoto ni la bandia. Walipokuwa wachumba Asteria aliwahi kumuuliza, naye akajibu, "Ni jiwe. Zamani, kwenye fujo," kisha akauliza kama chai imebaki. Asteria hakurudia swali hilo. Alijifunza tu kuishi na upande ule. Wakitembea, yeye hukaa kushoto. Akiingia jikoni kutokea upande huo husema kwanza, "Nipo hapa, Baba Natacha." Zénon naye akimimina chai hugusa ukingo wa kikombe kwa kidole, kwa kuwa jicho moja halimpi umbali sawasawa. Binti yao Natacha alikuwa ameshaanza shule alipogundua kwamba baba wa wenzake hawamimini chai hivyo.

Mwezi wa kumi na moja mwaka juzi, maabara ilipata mteja ambaye Asteria hajamsahau. Aliitwa Ella, mhandisi wa miaka thelathini na kitu, amezaliwa Uswidi na wazazi Warundi, amekulia Skärholmen. Aliingia na masanduku mawili ya kadibodi. Alipoyafungua juu ya meza, mafundi wote waliacha kazi wakaja kutazama. Ndani mlikuwa na mipira ya kudunda ya rangi zote, vifutio vyenye umbo la ndizi na nanasi, pipi laini za jeli, mayai ya mpira ya kufinya mtu akiwa na hasira, na bata wadogo wa manjano wa kuogea, wapatao mia.

"Nataka kujua ni kipi kati ya hivi kinaweza kurushwa kwa mtu kikamsimamisha bila kumjeruhi," Ella alisema. Walizungumza Kiswidi, kama ilivyo kazini, ambako kila mtu huitwa jina lake la kwanza. "Nina wazo la chombo cha walinzi wa madukani. Kinasukuma kwa hewa. Sitaki risasi. Nataka kitu ambacho hata mtoto akikiokota atacheka."

Asteria akachukua bata mmoja, akamfinya. Bata akalia.

"Kwa nini hivi?" akauliza.

"Kwa sababu mdogo wangu ni mlinzi," Ella alijibu. Akapanga vifutio kwenye mstari ulionyooka, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kazi ya kuipa mikono. "Mwezi wa nne mtu alimchoma bisibisi ubavuni, kwa ajili ya kopo la rangi alilotaka kuiba. Yuko hai. Lakini hatoki nyumbani. Akisikia lifti inafunguka, anasimama nyuma ya mlango wa jikoni. Nikimwuliza alikosa nini siku ile, anasema alikosa hatua tatu. Kama angeweza kumzuia yule mtu kwa hatua tatu tu."

Asteria akaandika jina la kila kitu kwenye daftari la vipimo, akakipa kila kimoja namba yake.

Kwa wiki tatu zilizofuata, chumba cha nyuma cha maabara kilijaa vicheko ambavyo hakijavizoea. Mtambo wa kurushia waliufunga kwenye meza ya chuma, nyuma ya kioo kinene. Mbele yake walisimamisha sanamu ya kiwiliwili na kichwa, iliyovikwa ngozi ya mpira na kutiwa vihisio ndani, na kila tundu la jicho likiwa na tufe laini ambalo hupasuka pale jicho la kweli lingepasuka. Kamera ya kasi ilionyesha kila kitu polepole. Vifutio viliyumba hewani kama nzi vikapita pembeni. Pipi za jeli zilinata kwenye shavu la sanamu zikaanza kuteremka. Mayai yalipasukia ndani ya bomba. Mipira ya kudunda ilirudi kwa nguvu mpaka ikabidi waongeze wavu. Bata peke yao ndio waliofanya vizuri. Walikwenda moja kwa moja, wakabonyea kifuani, wakaanguka. Vihisio vilisoma msukumo wa kutosha kumrudisha mtu nyuma, na hakuna namba iliyofika kwenye alama nyekundu ya hatari. Hata bata mmoja aliyepotea njia akaipiga sanamu karibu na jicho hakupasua kitu.

Ella alikuja kila Alhamisi. Kwenye kahawa ya saa tatu, ile ambayo Waswidi huiita fika, aliwaonyesha mafundi picha za mdogo wake, Roméo, kijana mwembamba mwenye tabasamu la upande. Siku alipoona matokeo ya bata alikaa kwenye kiti cha ofisi cha kuzunguka akajizungusha mara moja, akafunika uso kwa mikono miwili. Asteria aliona mabega yake yakitetemeka. Akamwekea leso mezani, akaendelea kufuta lenzi ya kamera ili Ella asione kwamba anatazamwa.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Zénon alirudi kutoka kazini uso umemwiva kwa baridi. Usiku theluji ilikuwa imeanguka ikaganda, akaitwa ingawa haikuwa siku yake ya kazi. Asteria alikuwa anakaanga ndizi. Zénon akavua glavu zake za mpira akazitupa mezani, nazo zikagonga kama vibao.

"Nilizisahau nje, kibandani kwenye vifaa, tangu jana," alisema. "Nimezivaa kwa kuzivunja vidole."

Asteria alicheka, akazisogeza karibu na jiko. Kisha, kwa kuwa alikuwa na furaha ya kazi iliyokwenda vizuri, akamsimulia. Hakutaja jina la mteja, maana sheria ya maabara hairuhusu. Alimsimulia pipi iliyonata shavuni, na nanasi lililokosa shabaha, na bata wanaoruka kama wametumwa. Zénon alicheka mpaka akashika meza. Akauliza, "Na hao bata ni wa nini?"

"Wa kurushiwa watu. Walinzi watapewa, wazuie wezi na wagomvi bila kuumiza mtu. Ni laini, Baba Natacha. Nimewapima mwenyewe."

Kicheko kilimwisha Zénon polepole. Akavuta kiti akakaa. Ndizi zikaanza kuungua. Asteria akazima moto.

"Halikuwa jiwe," Zénon alisema.

Asteria akageuka.

"Jicho. Nilikwambia jiwe. Halikuwa jiwe, ulikuwa mpira. Tulikuwa tumepanga foleni ya sukari kwenye ghala, watu wengi, nina miaka kumi na tisa. Watu wakaanza kusukumana. Mlangoni palikuwa na mlinzi, kijana kama mimi. Mwenye ghala alikuwa amemletea bunduki mpya ya kurusha mipira. Asubuhi yake kijana yule alituonyesha mipira yenyewe mkononi, tukaibonyeza, tukacheka wote. Akasema, hii haimfanyi mtu kitu." Zénon alibonyeza hewa kwa vidole viwili. "Bon, haya. Akapiga. Hakulenga chini, hakulenga juu. Kwa nini alenge? Si haifanyi kitu?"

"Kwa nini uliniambia jiwe?"

"Kwa sababu jiwe halina mwenyewe." Alipapasa kitambaa cha meza. "Yule kijana ndiye aliyenibeba, Mama Natacha. Aliitupa bunduki akanibeba mgongoni mpaka zahanati, anakimbia analia, ananiambia, ndugu yangu, walisema ni laini, walisema ni laini. Damu yangu ilimwingia shingoni. Sikuwahi kumchukia. Ningesema ni mtu, watu wangeniuliza mtu gani, wangenitaka nimchukie. Nikasema jiwe."

Asteria alikwenda akakaa upande wake wa kushoto. Aliweka mkono wake juu ya wa Zénon, na Zénon, ambaye hakuwa ameuona ukija, alishtuka kidogo kisha akaushika. Walikaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na ndiyo kwanza Asteria alikuwa anakutana na yule kijana wa foleni. Alitamani angekuwapo pale mlangoni ampokee mgongoni mwa mlinzi.

Walipoanza kula, Asteria alizitazama glavu pale karibu na jiko. Zilikuwa zimelegea, vidole vimelala. Akaichukua moja akaikunja. Akaikunja tena.

"Walinzi huweka vitu vyao wapi?" akauliza.

"Ndani ya gari," alisema Zénon. "Sisi wote tunaweka kwenye gari. Gari linalala nje."

Jumatatu Asteria alimwendea mkuu wa maabara, akaomba kurudia vipimo vya bata baada ya kuwalaza kwenye friza, kwa baridi ya kawaida ya Januari. Mkuu alisema mkataba hautaji baridi, ripoti imekaribia kwisha, na mteja ameridhika. "Basi nimuulize mteja mwenyewe," Asteria alisema. Ella alipoulizwa alikubali bila wasiwasi wowote. Alikuwa anawaamini bata wake.

Alhamisi waliwatoa bata kumi na wawili kwenye friza. Walikuwa wazuri vilevile, manjano, wanatabasamu, isipokuwa walipomfinya mmoja hakulia. Fundi alilenga shavu, kwa nguvu ileile ya mara ya kwanza. Wawili wa kwanza waligonga wakaanguka, na sauti ya kugonga ilikuwa nyingine. Watu wakasogea karibu na kioo. Wa tatu alipinda kidogo hewani. Kwenye kamera ulimwona akija taratibu, mdomo mbele, mgumu, hakubonyea hata kidogo, akaingia kwenye tundu la jicho la sanamu. Tufe likapasuka. Maji yake yakatiririka kwenye shavu la mpira.

Asteria alikuwa ameona matufe mengi yakipasuka katika kazi yake. Hilo lilimfanya atoke nje ya chumba, akasimama kwenye korido na mkono mdomoni.

Ella alimfuata. "Ni mmoja tu," alisema. "Mmoja kati ya kumi na wawili, tena tulilenga uso. Walinzi watafundishwa kulenga miguu. Na chombo kitawekwa mahali penye joto. Tunaweza kuandika hivyo, sivyo? Tuandike matokeo ya joto, halafu chini, sharti la kuhifadhi."

"Nitaandika yote mawili," Asteria alisema. "Joto na baridi, kwa ukubwa mmoja. Siwezi kuandika vingine, Ella."

"Umeshawahi kuchomwa bisibisi?"

"Hapana."

"Basi," alisema Ella. Akachukua koti lake akaondoka, akiyaacha masanduku.

Ripoti ilitoka kabla ya Krismasi. Maneno yake yalikuwa makavu kama ripoti zote, na mwisho wake ulisema kwamba hakuna kitu kati ya vilivyopimwa kinachofaa kurushiwa binadamu. Vilivyokuwa salama havimzuii mtu, na vilivyoweza kumzuia havikuwa salama katika hali zote. Asteria aliweka sahihi. Alijua ameandika kweli, na alijua pia kwamba mahali fulani Skärholmen kuna kijana amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, na kwamba kwake ripoti hiyo haina msaada.

Mwezi wa kwanza ulipokaribia kwisha, simu ya Asteria iliita. Alikuwa Ella. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeugua akapona nusu.

"Nimesoma ripoti mara nyingi," alisema. "Sikupigii kubishana. Nataka kujua kitu kimoja. Nani alikwambia ufikirie baridi? Mimi mhandisi sikufikiria."

"Mume wangu alisahau glavu zake kibandani," alisema Asteria. Kazi ilikuwa imekwisha, faili limefungwa, na mwanamke huyu hakuwa tena mteja. Jana yake alikuwa amemuuliza Zénon, kama nafasi ikitokea, je, anaweza kumwambia mteja habari ya jicho. Zénon alikuwa amejibu, "Afadhali niseme mwenyewe."

"Ella," alisema, "Jumapili mnafanya nini, wewe na Roméo?"

Walikuja saa saba mchana. Kumbe Ella alikuwa amemleta mdogo wake kwa teksi mlango hadi mlango, kwa sababu treni hakuiweza. Roméo alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha. Alipoingia alitazama madirisha, akatazama mlango wa jikoni, akauliza kama anaweza kukaa mgongo ukiwa ukutani. Zénon akamwambia kwa Kirundi kwamba kiti hicho ndicho chake yeye kila siku, kwa sababu hiyohiyo, lakini leo atampa. Tabasamu la upande likamtoka kijana kidogo.

Walikula ugali, samaki na lenga-lenga, mchicha wa kwao Zénon. Baada ya chakula Zénon alisimulia. Alisimulia kwa Kiswahili, polepole, ili Asteria afuate, akichanganya Kirundi pale palipouma. Foleni, sukari, mipira iliyobonyezwa mkononi, mgongo wa mlinzi. Ella, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kwenye sherehe, alielewa vya kutosha. Zénon alipofika kwenye maneno "walisema ni laini", Ella aliinamisha kichwa.

Roméo ndiye aliyesema kwanza. "Yule mlinzi," aliuliza, "baadaye alikuwaje?"

Swali hilo halikuwa limewahi kumjia Asteria. Zénon alifikiri.

"Sijui. Alikuja zahanati mara mbili. Mara ya tatu hakuja. Nadhani aliacha kazi. Mimi nilikaa miezi minane siendi sokoni, kwa sababu ya watu kuja upande nisiouona. Mara nyingine nilifikiri, na yeye yuko kwao, hatoki, kwa sababu yangu."

"Dada alitaka kunitengenezea kitu," Roméo alisema. "Nilikuwa namwacha afanye kwa sababu kilimpa furaha. Lakini mimi nisingekishika. Nilimwona yule aliyenichoma. Alikuwa anaogopa kuliko mimi."

Ella alimtazama mdogo wake. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulikuwa na bata wako."

Haikujulikana nani alianza, lakini wote wanne walicheka, Ella akicheka na machozi yakimtoka. Asteria alimvuta akamkumbatia jinsi angemkumbatia Natacha. "Samahani, mama," Ella alisema kwa Kiswahili, akisahau kwamba kwa miezi miwili alikuwa akimwita Asteria. "Nilikujibu vibaya siku ile."

"Ulikuwa unamlinda mtoto wa mama yako," alisema Asteria. "Chukua chai."

Kabla hawajaondoka Zénon alimuuliza Roméo ni soko gani linalomshinda. Roméo akasema ni lilelile alilokuwa akifanyia kazi, jengo la maduka la Skärholmen, hata kituo chake cha treni hawezi. Zénon akamwambia kwamba Jumamosi hana kazi.

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi asubuhi Zénon alipanda treni ya buluu kutoka Husby, akabadilisha katikati ya mji akachukua nyekundu, akamkuta Roméo mlangoni kwake. Mara ya kwanza walifika kona ya barabara wakarudi. Mara ya pili walifika kituoni, wakakaa kwenye benchi, wakahesabu treni sita. Mwezi mzima walikaa kwenye benchi hilo. Zénon hakumpa mawaidha. Alimwomba kitu kimoja tu, amwambie nani anakuja kutoka kushoto. Kijana akawa anasema, "Mama na gari la mtoto. Mzee na mbwa. Wanafunzi watatu, wanacheka." Kwa kazi hiyo ya kumwangalilia mtu mwingine, alisahau kujiangalilia. Wiki ya kumi waliingia ndani ya jengo, wakanunua mikate miwili ya mdalasini, wakailia wamesimama.

Ella aliifunga kampuni ndogo aliyoianzisha kwa ajili ya chombo chake kabla ya kiangazi. Chombo chenyewe alikifungua skrubu kwa skrubu, akapeleka vyuma kwenye kituo cha taka. Siku hizi anafanya kazi mahali wanapotengeneza vitembezi vya magurudumu vya kuegemea wazee, na bado hupeleka vitu vyake kupimwa Sundbyberg. Katika karatasi ya maombi, sehemu ya hali ya hewa, yeye mwenyewe huweka alama kwenye baridi kabla hajaulizwa.

Mwezi wa sita Natacha alikuja likizo kutoka Uppsala. Zénon akamkalisha barazani akamwambia habari ya jicho, yote. Natacha alisikiliza bila kumkatiza. Alipojibu alijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, akasema angependa kumjua mtu aliyembeba baba yake. Kisha akahamia kiti cha kushoto.

Septemba Asteria alikwenda Skärholmen kutafuta sufuria ya kukaangia. Akiwa kwenye ngazi ya umeme alimwona Roméo chini, amevaa tena sare yake ya ulinzi, akitembea na mlinzi mwenzake, mwanamke wa makamo. Bibi mmoja mwenye mifuko aliwasimamisha akauliza kitu. Roméo akamchukulia mfuko mmoja, akamtembeza mpaka kwenye lifti, akasubiri naye mpaka milango ikafunguka, akaizuia kwa mkono ili bibi aingie taratibu. Asteria alitaka kumwita. Akaona kijana yuko kazini, akamwacha. Alinunua sufuria yake akarudi Husby.